Hesabu ya Joto

Jiji zima linalalamika joto
isipokuwa magoti ya mama.
Daktari wa Mwananyamala aliandika harakaharaka:
baridi yabisi. Maji ya moto, kila alfajiri.
Nilicheka kimoyomoyo, mimi fundi wa mafriji,
miaka kumi na minane nalipwa kulifukuza joto,
leo natumwa kulitafuta.

Ndoo moja tu, saa kumi na moja.
Lakini mkaa umepanda bei tena,
na hita ya kuchovya inakula luku
kama mgeni asiyejua kwamba sahani ni moja.

Nikaanza na jua, maana halidai.
Mpira mweusi, mita arobaini,
nikauzungusha batini kama nyoka aliyeshiba,
juu yake kioo cha dirisha la zamani.
Saa nane mchana maji yakamchoma Shomvi vidole,
akaruka, akaniita kwa majina yangu yote matatu.
Lakini nani Mburahati anataka maji ya moto saa nane?
Saa hizo hata bomba la uani linatokota lenyewe.
Alfajiri, mama anapogonga ukuta,
mpira umeshapoa.
Nikalivika pipa sponji ya godoro bovu.
Likabakiza uvuguvugu.
Likaja wingu la siku mbili, uvuguvugu nao ukaaga.
Tena maji yetu ni ya kisima, chumvi tupu:
ningeweka bomba za shaba,
yangeitafuna shaba kabla sijamaliza deni la shaba.

Nikarudi kwenye kazi ninayoijua:
friji, lakini limegeuzwa kisogo.
Watu hudhani friji linatengeneza baridi.
Halitengenezi kitu. Ni hamali.
Hulibeba joto la ndani, hulitua nyuma,
pale paka anapopenda kulala.
Basi nikamwambia hamali: beba hili la uani,
hilihili tunalolilaani usiku kucha,
litue ndani ya pipa.
Kompresa ya mtumba, gesi ya mkopo kwa Mpemba wa Manzese.
Ukimlipa uniti moja, anakuletea mizigo mitatu.
Nilipima. Sikuamini, nikapima tena.
Ila hamali naye hanyanyui kitu kabla hajala:
umeme ukikatika
anakaa chini, mikono mapajani.

Kisha akaja Ngwandu, kijana wa chuo,
na kigae cheupe, ukubwa wa biskuti, nyaya mbili.
Upande mmoja uguse jiko, wa pili uguse maji baridi,
katikati, anasema, umeme unazaliwa.
Nikaweka mita. Volti mbili na ushee.
Katika joto la shilingi mia
kinakurudishia tano, tena siku ya bahati.
Nikamwambia: huyu wako mvivu.
Akasema: mvivu, ndiyo,
lakini hana kinachozunguka,
hana kinachokwama,
na hajawahi kumwamsha jirani.

Nikachora jedwali nyuma ya daftari la wateja.
Bei, uniti, miaka, kutu.
Mama akalishika mbali na macho, akalirudisha.
"Na katika haya, lipi linakunja goti?"

Jana umeme ulikatika saa tisa usiku.
Hamali kimya. Batini, umande.
Nikawasha jiko la mkaa, nikainjika sufuria,
na kile kigae, sijui kwa nini, nikakibana ubavuni,
taa yake ndogo kama punje ya mtama.
Haikuangaza chumba. Iliangaza
mkono wangu ukipima maji,
kitambaa, na goti lake la kushoto
lenye kovu ambalo sikuwahi kuuliza lilitoka wapi.

Nilifundishwa kwamba joto halipotei, linahama tu.
Likahama kutoka jikoni kwenda majini,
kutoka majini kwenda kitambaani.
Kutoka hapo, mita yangu haifiki.
Goti likalia, tk, kama swichi,
likakunjika kidogo.
"Usiizime," akasema.

Deni la gesi bado. Elfu thelathini na tano.
Mpemba amepiga simu mara mbili.